NAD na Kuzeeka kwa Seli: Yanayojulikana na Yanayosubiri Ushahidi

Utangulizi

Katika somo la tafsiri tuliwahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili tangazo fupi la Kiingereza kuhusu vidonge vinavyosemekana kupunguza kasi ya kuzeeka. Tangazo lenyewe liliandikwa kwa tahadhari. Lilisema kwamba kirutubishi kilichomo huenda kikasaidia seli kutunza nguvu zake. Tuliposahihisha madaftari tulikuta "huenda" imepotea katika kazi nyingi. Mmoja aliandika "kinasaidia", mwingine "kinatibu", na wa tatu akamalizia kwa "kinarudisha ujana". Darasa zima lilicheka. Kisha mwanafunzi mmoja akatuambia kwamba shangazi yake kijijini amesikia habari za vidonge hivyo na anauliza kama inafaa auze mbuzi ili avinunue. Kicheko kikaisha.

Tuliona basi kwamba suala hili linahitaji makala. Sisi ni walimu wa lugha, wala hatudai kuwa waganga au wanakemia. Hata hivyo, habari za sayansi zinapotoka maabara na kufika kijijini hupita mikononi mwa watu wa aina yetu: wafasiri, watangazaji, waandishi wa magazeti na walimu. Tukikosea neno moja, mtu anaweza kuuza mbuzi. Katika makala haya tutaeleza NAD ni nini, ilivyogunduliwa, inavyohusiana na uzee, na majaribio yaliyofanywa yamesema nini. Mwishoni tutarudi kwenye lugha yetu na kuona inatupa nyenzo gani za kusimulia mambo hayo bila kuyatia chumvi.

Jina na maana yake

NAD ni kifupi cha nikotinamidi adenini dinukleotidi. Ni molekuli ndogo iliyomo katika kila seli hai, iwe ya hamira, ya mgomba, ya panya au ya mwanadamu.

Protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini huitwa vimeng'enya katika vitabu vyetu vya biolojia. Neno hili limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kuwa vipande vidogo. Linafaa sana kwa vimeng'enya vya tumboni vinavyovunja chakula. Lakini wanafunzi wakumbuke kwamba vimeng'enya vingine hufanya kazi ya kujenga, kuunganisha na kukarabati. Jina limetokana na kazi moja, nayo maana imepanuka.

Vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi peke yake. Vinahitaji kitu kidogo cha kushirikiana nacho, na kitu hicho huitwa koenzimu. Katika makala haya tunapendelea kusema "mwenza wa kimeng'enya". Neno "mwenza" linamkumbusha msomaji kwamba NAD yenyewe si kimeng'enya. Ni mshirika ambaye bila yeye kimeng'enya hukaa bure.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 1906, Arthur Harden na William John Young walikuwa London wakichunguza maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira. Maji hayo yaliweza kuichachusha sukari. Walipoyachemsha, yalikufa: hayakuchachusha tena. Lakini walipochanganya maji yaliyochemshwa na maji mabichi, uchachushaji ulikwenda kasi zaidi kuliko awali. Walipoyachuja maji ya hamira kwa chujio la matundu madogo mno, sehemu iliyopita chini haikuchachusha, na sehemu iliyobaki juu nayo haikuchachusha. Walipozirudisha pamoja, kazi ilianza upya. Hivyo walijua kwamba kuna kitu kidogo, kisichoharibiwa na moto, ambacho vimeng'enya hukihitaji.

Hans von Euler-Chelpin wa Stockholm aliendelea kukichunguza kitu hicho, naye pamoja na Harden walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1929 kwa kazi yao juu ya uchachushaji. Mwaka 1936 Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha kazi inayofanywa na NAD: hupokea hidrojeni pamoja na elektroni zake kutoka kwa molekuli moja na kuzipeleka kwa nyingine.

Boda boda wa seli

Tuitazame kazi hiyo kwa mfano wa mitaani. Seli inapovunja sukari au mafuta, elektroni hutolewa. NAD ni kama boda boda: humchukua abiria huyo na kumfikisha kwenye mitokondria, ambako nishati ya seli hutengenezwa. Akishamshusha, boda boda hurudi tupu kuchukua abiria mwingine. Wanakemia huiandika NAD tupu NAD+ na iliyopakia NADH. Katika kazi hii NAD haiishi. Inakwenda na kurudi siku nzima.

Kazi ya pili ni tofauti, na ndiyo iliyowavutia watafiti wa uzee. Kuna vimeng'enya ambavyo havimtumi boda boda kubeba abiria. Humkamata, huivunja pikipiki yake, na kutumia vipuri vyake. Vimeng'enya viitwavyo PARP hufanya hivyo DNA inapokatika, kwani vipuri vya NAD hutumika kuonyesha mahali palipoharibika ili mafundi wa seli waje kupatengeneza. Sirtuini nazo huitumia NAD katika kuondoa vibandiko fulani vya kikemia juu ya protini nyingine, na kwa njia hiyo hubadilisha utendaji wa vinasaba. Cha tatu ni CD38, ambacho hukaa zaidi kwenye seli za kinga na huvunja NAD kwa wingi.

Katika kazi hii ya pili NAD hupungua kweli. Kwa bahati nzuri seli ina gereji yake. Kimeng'enya kiitwacho NAMPT huokota nikotinamidi, kipuri kikuu kinachobaki, na kuanza kuunda upya NAD kutokana nacho. Sehemu kubwa ya NAD yetu hutoka katika gereji hiyo. Inayobaki hutokana na chakula: niasini, yaani vitamini B3, na triptofani, ambayo ni sehemu ya protini.

NAD inapokosekana: kisa cha pelagra

Kabla ya kuzungumzia kuongeza NAD, yafaa tuone mtu anavyokuwa anapoikosa. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu maskini wa majimbo ya kusini mwa Marekani waliishi kwa unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Wengi walipatwa na pelagra. Ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka, hasa mikononi na shingoni, ambako ukurutu ulizunguka kama mkufu. Baadaye walianza kuharisha, kisha akili kuchanganyikiwa, na wengi walikufa.

Madaktari wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimpa Dkt. Joseph Goldberger kazi ya kuuchunguza. Aligundua jambo ambalo kila mtu aliliona bila kulitilia maanani: katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliolazwa walipata pelagra lakini wafanyakazi hawakupata. Ugonjwa wa kuambukiza usingechagua namna hiyo. Kilichowatofautisha ni chakula. Ili kuwashawishi waliobisha, mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na hata kumeza vidonge vilivyotengenezwa kwa uchafu wao. Mkewe, Mary, naye alijitolea kudungwa damu hiyo. Hakuna aliyepata pelagra.

Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kirutubishi chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwapa asidi ya nikotini, yaani niasini, mbwa waliokuwa na ugonjwa wa ulimi mweusi unaofanana na pelagra. Mbwa walipona, na muda si mrefu wagonjwa wa pelagra nao walitibiwa hivyo. Niasini ndiyo malighafi ya NAD. Kwa hiyo tunaweza kusema pelagra ni njaa ya NAD.

Kwa nini mahindi? Niasini ya mahindi imefungika, na utumbo haupati nafasi ya kuichukua vizuri. Tena, triptofani yake ni kidogo. Wenyeji wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na hilo huifungua niasini. Mahindi yalipochukuliwa kwenda mabara mengine, mbegu ilisafiri lakini maarifa ya jikoni yalibaki nyuma.

Haya si mambo ya Marekani ya zamani tu. Mwaka 1990 pelagra ililipuka miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini nchini Malawi. Mgao wao ulikuwa hasa wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika. Waliougua walizidi 17,000. Wanafunzi wetu wanaokula posho kila siku wasiogope, maana maharage, mchuzi wa karanga na mukene vinavyowekwa kando ya posho hiyo vina niasini na protini. Hatari huja pale posho inapobaki peke yake kwenye sahani. Mtu mzima anahitaji niasini kiasi cha miligramu 14 hadi 16 kwa siku, na sahani iliyochanganyika vizuri inaweza kuifikisha.

NAD na uzee

Hadithi ya uzee ilianza tena kwenye hamira. Mwaka 2000 Shin-ichiro Imai na Leonard Guarente, wakiwa katika Chuo cha MIT nchini Marekani, walionyesha kwamba protini ya Sir2, ambayo ilikuwa imehusishwa na urefu wa maisha ya hamira, haifanyi kazi bila NAD. Mwaka 2004 Pawel Bieganowski na Charles Brenner walionyesha kwamba kirutubishi kiitwacho nikotinamidi ribosaidi, kwa kifupi NR, ambacho kimo katika maziwa, hugeuzwa kuwa NAD mwilini. Ndugu yake wa karibu ni NMN. Hivi viwili ndivyo vinavyouzwa zaidi katika vidonge vya leo.

Tafiti nyingi zimekuta kwamba NAD hupungua katika viungo kadhaa vya panya kadiri wanavyozeeka. Kwa binadamu ushahidi ni mchache zaidi, na unatofautiana kutoka kiungo hadi kiungo. Sababu zinazotajwa zinaeleweka kwa mfano wetu wa boda boda. DNA iliyoharibika huongezeka, hivyo PARP huvunja pikipiki nyingi zaidi. CD38 nayo huongezeka. Watafiti wa Mayo Clinic walionyesha hilo kwa panya mwaka 2016. Na gereji yenyewe yaweza kulegea.

Hapa ndipo wazo la kuongeza malighafi lilipopata nguvu. Mwaka 2013 kundi la David Sinclair wa Harvard liliwapa NMN kwa wiki moja panya wa miezi 22, ambao ni wazee. Baadhi ya vipimo vya misuli yao vilifanana na vya panya wa miezi 6. Magazeti yalishangilia. Wachache walitaja kwamba nguvu za misuli hazikuongezeka. Mwaka 2016 kundi la Imai liliwapa panya NMN kwa miezi 12. Panya hao waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao na walichangamka zaidi.

Je, waliishi muda mrefu zaidi? Kwa upande wa NR, swali hilo liliulizwa katika mpango wa serikali ya Marekani unaopima dawa za uzee kwa panya katika maabara tatu tofauti kwa wakati mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: NR haikurefusha maisha ya panya hao.

Majaribio kwa binadamu

Tutaje matatu tu. Mwaka 2018 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya watu 24 wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Kila mmoja alimeza NR kwa wiki 6 na kidonge kitupu kwa wiki 6. NAD katika seli zao za damu ilipanda kwa asilimia 60 hivi, na hawakupata madhara makubwa. Vipimo vingi vingine vya afya havikubadilika kwa kiasi cha kutegemewa.

Mwaka huohuo, nchini Denmark, wanaume 40 wanene waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa miligramu 2,000 za NR kila siku kwa wiki 12. Namna miili yao ilivyoitikia insulini haikuwa bora.

Mwaka 2021 watafiti wa St. Louis, Marekani, walitangaza matokeo ya wanawake 25 waliokoma hedhi na waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa miligramu 250 za NMN kila siku kwa wiki 10 walionyesha misuli inayoitikia insulini vizuri zaidi. Lakini sukari yao ya damu haikushuka, wala shinikizo la damu.

Kwa ujumla, vidonge hivi vimeonyesha kwamba vinaweza kupandisha NAD katika damu. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vimemrefushia binadamu maisha. Pia kuna jambo la kuangalia: seli za saratani nazo hutumia NAD, na ndiyo maana watafiti wamejaribu dawa za kuzuia NAMPT kama silaha dhidi ya uvimbe wa saratani. Nayo niasini ikimezwa kwa dozi kubwa huwasha na kuwekundisha ngozi, na yaweza kudhuru ini.

Hata hivyo tusiseme kwamba hakuna kitu. Mwaka 2015 jaribio la Australia la watu 386 waliokwisha kuugua saratani za ngozi zisizo melanoma lilikuta kwamba waliomeza nikotinamidi miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa mwaka mmoja, walipata saratani mpya za aina hiyo chache zaidi kwa asilimia 23. Mwaka 2023 jaribio jingine, la watu waliopandikizwa viungo, halikuona faida hiyo. Dawa ileile ilitoa majibu mawili kwa makundi mawili ya watu.

Kiswahili kinavyotusaidia

Sasa turudi darasani. Lugha yetu ina vipimo vizuri vya uhakika, nasi huviacha vipotee ovyo.

Kwanza, tuangalie viambishi vya wakati. Tukisema "NMN husaidia misuli", kiambishi hu- kimeitangaza kanuni ya siku zote na ya watu wote. Tukisema "NMN ilisaidia misuli ya wanawake waliokuwa katika jaribio", kiambishi -li- kimesimulia tukio moja lililowapata watu fulani. Jaribio ni tukio. Lisimuliwe kwa -li- mpaka majaribio mengi yakubaliane. Hapo ndipo hu- itakapostahili.

Pili, tutaje aliyepimwa. "Imeonekana kwa panya" ni maneno matatu tu, lakini yakiachwa msomaji hudhani ni yeye.

Tatu, tutenganishe "kuhusiana" na "kusababisha". NAD hupungua panya anapozeeka. Hilo ni kuhusiana. Kwamba upungufu huo ndio unaomzeesha, hilo linahitaji ushahidi wake. Mvi nazo huja na uzee, na kuzipaka rangi hakumfanyi mtu kijana.

Nne, tusiogope "huenda", "yamkini" na "inadhaniwa". Wanafunzi wengi huziona kama dalili ya udhaifu wa mwandishi. Katika habari za sayansi ni sehemu ya maana, na mfasiri anayezifuta amebadilisha ujumbe.

Hitimisho

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. NAD yenyewe si mpya. Tangu 1906 imechunguzwa, na upungufu wake umeua watu wengi. Somo kubwa tunalolipata ni hili: mtu aliyepungukiwa na niasini akipewa niasini hupona, na hapo tunaweza kutumia hu- bila wasiwasi. Lakini dawa ya upungufu haijathibitishwa kuwa dawa ya uzee kwa mtu anayekula vizuri.

Mwanafunzi wetu alimwandikia shangazi yake barua, nasi tulimsaidia kuipanga. Alimweleza kwamba vidonge vilipandisha NAD katika damu za watu waliojaribiwa, na kwamba mpaka sasa havijaonyesha kumrefushia mtu maisha. Alimshauri aendelee na karanga, maharage na samaki, na asiache kutembea kwenda shambani, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi ya wiki 12 yaliongeza NAMPT katika misuli ya vijana na ya wazee vilevile. Kama kuna maradhi yanayomsumbua, amwone daktari. Mbuzi abaki zizini.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafuta tangazo lolote la dawa au kirutubishi. Pigia mstari vitenzi vyote vyenye hu-, -na- na -li-. Je, kila kiambishi kinastahili mahali pake?

2. Andika upya sentensi hii kwa namna tatu zenye viwango tofauti vya uhakika: "NR huzuia uzee."

3. "Kimeng'enya mwenza", "mwenza wa kimeng'enya" na "koenzimu": ni istilahi ipi inayofaa zaidi kwa kitabu cha sekondari? Toa sababu.